Mbwa kafika miezi nane, ukimuita anakuangalia tu: namna ya kumfundisha kurudi

Mbwa wa miezi mitatu minne hata usipomuita anakufuata, unaenda kuanua nguo yupo nyuma, unaenda kufungua geti yupo miguuni, basi mtu anaona huyu kashalijua jina lake na kazi imeisha. Halafu anafika miezi saba nane hivi, miguu imerefuka, sauti nzito, dume kaanza kunyanyua mguu kwenye kila nguzo ya umeme, na gari likiwa linaingia geti likabaki wazi kidogo anachomoka, unamuita, anageuka anakuangalia usoni kabisa halafu anaendelea na safari zake. Hapo ndo wengi wanasema mbwa kaharibika, wengine wanatafuta fimbo, wengine wanampiga mnyororo wa moja kwa moja mpaka anazeeka nao. Jamani msifanye hivo. Hajaharibika, kabalehe tu, na kuja akiitwa ni kitu kinachofundishika kwenye umri huu huu, ila kina hatua zake na ukiziruka utajikuta unarudi mwanzo.

Ujana wa mbwa unaanza kwenye miezi sita hivi. Wale wadogo wanautoka mapema, ila hawa wakubwa tunaowapenda kwa ulinzi, German Shepherd, Rottweiler, Boerboel, wanaweza kuwa nao mpaka mwaka na nusu na wengine hata miaka miwili. Na sio hisia zako tu kwamba anakudharau wewe tu. Mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya Newcastle, Nottingham na Edinburgh kule Uingereza walitoa utafiti wa hawa mbwa wa umri huu, waliwapima wakiwa na miezi mitano halafu tena wakiwa na miezi minane, wakaona kwenye miezi minane mbwa anakuwa mgumu kutii amri ya kukaa akiambiwa na mlezi wake mwenyewe, lakini akiambiwa na mgeni anatii vizuri tu. Na wakishafika mwaka mmoja wanakuwa wamerudi kuwa wasikivu. Kwahiyo ni kipindi, kinapita, ila kinachobaki baada ya hapo ni yale mazoea aliyoyajenga kipindi hicho, ndo maana usikae tu kusubiri kipite.

Sasa kabla hujaanza kufundisha chochote jiulize hapo nyumbani huyu mbwa huwa anaitwa kwa ajili ya nini. Kwenye nyumba zetu nyingi mbwa anafunguliwa usiku alinde, asubuhi saa kumi na mbili anaitwa, akija anashikwa shingo anasukumwa bandani, mlango unapigwa komeo mpaka usiku tena. Yaani kwa siku nzima anaitwa mara moja, na hiyo moja maana yake uhuru umeisha. Siku nyingine anaitwa akaogeshwe dawa ya kupe, au daktari wa mifugo kaja na sindano, au katafuna ndala za mtu anaitwa ili achapwe. Ungekuwa wewe ungekuja? Alipokuwa mtoto alikuja kwa sababu aliogopa kubaki peke yake, sasa hivi haogopi, ana pua, ana mbio, ana majike ya mtaa wa pili, anapiga hesabu na hesabu inamwambia asije. Mimi naamini kabisa tatizo la wengi lipo hapa na wala sio ukaidi wa mbwa, na ndo maana nasisitiza kitu kimoja tu kwenye hii habari yote: kuitwa lazima kulipe, kila mara, na kama huna cha kulipa au huna uhakika atakuja, usiite kabisa.

Kwahiyo kazi ya kwanza ni kuacha kumuita kwa mambo asiyoyapenda. Asubuhi ya kumfungia usimuite, weka chakula chake bandani kisha mwache aingie mwenyewe akifuata harufu, ndani ya siku chache utamkuta kashakaa anakusubiri mlangoni mwa banda. Kama ni kuogeshwa au sindano, mfuate pale alipo na kamba mkononi, mfunge taratibu, nenda naye. Kuchapa ndo usahau kabisa, hata kama kachelewa nusu saa mtaani, maana ukimchapa alipofika yeye haunganishi na kule kutoroka, anaunganisha na kufika kwako, na kesho atasimama mita tano mbali nawe akikusoma sura.

Halafu chagua neno jipya au mlio mpya. Kama “njoo” mmeshaitumia kwa miezi yote hiyo kumfungia, hilo neno limeshachafuka, liache liende. Na tena mtaani kila mtu anaitana njoo, muuza mboga anaitwa njoo, watoto wanaitana njoo, litamchanganya. Chukua kitu kama “hapa hapa!” ukikitamka kwa sauti ya furaha, au mimi ninachokipenda zaidi ni filimbi, hizi za plastiki za marefa, bei yake ndogo na inasikika mbali. Uzuri wa filimbi ni kwamba mlio wake ni ule ule iwe umepuliza wewe, mama, dada wa kazi au babu mlinzi, na hasira yako haiwezi kuingia ndani ya filimbi. Milio miwili mifupi inatosha. Kama jirani na kwako kuna uwanja wa mpira na filimbi zinapigwa kila jioni basi tumia neno. Na filimbi ikae kwa mtu mzima, watoto wakiipata watapuliza siku nzima bila kumpa mbwa kitu na ndani ya wiki itakuwa haina maana tena kwake.

Kwa anayedhani kufundisha mnyama kwa mlio na chakula ni mambo ya kwenye sinema, hapa hapa Tanzania pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya akifanya sawa anasikia mlio mdogo wa klik, na mlio ukisikika anapata ndizi au karanga, hakuna kupigwa. Mmoja wao aliyefundishwa pale, Magawa, alienda kunusa mabomu Kambodia na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la wanyama la PDSA la Uingereza. Panya! Na mbwa ameishi na binadamu maelfu ya miaka, anakusoma hadi macho, sasa utashindwaje.

Chakula cha kulipia kisiwe ugali wake wa kila siku, maana huo anajua atakula tu hata asipokuja. Tafuta kitu anachokililia. Maini ya ng'ombe yaliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu, ukayakata vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, hayo mbwa wengi anaacha vyote anakuja. Firigisi nayo nzuri. Dagaa wakavu wa Mwanza wanafaa sana maana huwezi kuchafuka mfukoni, ila hawa dagaa wa pwani waliochemshwa na chumvi nyingi waache. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, inapasuka inatoa ncha, wala chokoleti, zabibu au chingamu zisizo na sukari, hivyo ni sumu kwake. Vipande viwe vidogo kweli kweli, na chakula cha jioni kipunguze kidogo, ili asije akanenepa na ili aingie kwenye mazoezi akiwa na hamu. Mbwa aliyetoka kula sufuria zima la pumba na utumbo hana shida na ini lako.

Siku za kwanza hufundishi kuja, unafundisha mlio tu. Mbwa yupo mbele yako, ndani au kibarazani, hamna kelele, puliza kisha hapo hapo mpe kipande. Usimwambie akae, usimwambie chochote, hata kama alikuwa anaangalia pembeni wewe puliza mpe. Rudia mara kumi hivi, acha, fanya tena jioni. Mpangilio ni muhimu, mlio unatangulia na chakula kinafuata, ukimuonyesha nyama kwanza ndo upulize atajifunza kuangalia mkono wako, na siku mkono ukiwa mtupu haji. Utajua somo limeingia pale ukipuliza akiwa ananusa kitu na shingo inageuka yenyewe kabla hajafikiria.

Baada ya hapo ongeza hatua chache. Yeye yupo mwisho wa kibaraza, puliza mara moja, kisha rudi nyuma mbio mbio, maana mbwa anapenda kukimbilia kinachokimbia, ukimfuata anaona ni mchezo wa kukimbizana na hapo atakushinda daima, ana miguu minne. Akifika mlipie miguuni pako, karibu kabisa na goti, sio umrushie kule. Mpe vipande vitatu vinne kimoja kimoja huku unamsifia, sio kimoja tu basi. Dakika tano zinatosha, acha yeye akiwa bado anataka. Watu wawili wakiwepo ndo raha, mmoja anaita upande huu, analipa, mwingine anaita upande ule, mbwa anapiga misele katikati anaona ni sherehe. Watoto wakubwa wanaweza kusaidia hapa na inawajengea urafiki na mbwa, ila wasimamie.

Kitu ambacho watu wanakiruka ni kushikwa. Mbwa anakuja mpaka mita moja, ukinyoosha mkono anaruka pembeni, unaanza kumzungukia kama mnacheza ukuti. Hiyo ni kwa sababu kushikwa shingo kwake ni banda. Kwahiyo fanya hivi, akifika gusa mkanda wa shingoni kwa vidole, mpe nyama mkono ukiwa bado upo pale, achia, mwambie “haya nenda”. Baadae shika kabisa, mpe, achia. Kila anapokuja, shika, lipa, achia. Ile achia nayo ni malipo, na kwa mbwa kijana pengine ndo malipo makubwa kuliko hata ini. Kwenye matembezi muite mara nyingi umlipe umrudishe akacheze, ili ile mara ya mwisho ya kwenda nyumbani isijitofautishe na nyingine.

Sasa kamba, na hapa naomba usome taratibu maana kwa mbwa wa umri huu kamba ndo mwalimu mkuu. Nunua kamba ya manila au ya nailoni kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mita kumi, unene ambao haukati mkono, na ndoano imara ya mbele. Usiifunge shingoni, tafuta mkanda wa kifuani ule unaopita mabegani, kwa sababu akikimbia mita kumi kwa kasi na kamba ikaisha ghafla, shingo inaweza kuumia. Mwisho wa kamba usiweke kitanzi wala mafundo, vitanasa kwenye mizizi na mawe, na kamwe usiizungushe kwenye kiganja au vidole, German Shepherd wa kilo thelathini na tano akiona paka anakuvunja kidole. Vaa glavu za fundi. Mtoto asishike kabisa.

Kazi ya kamba sio kumvuta aje. Kazi yake ni kwamba asipate nafasi ya kujifunza kwamba kutokuja kunawezekana. Kila mara anapoitwa akaendelea na mambo yake akafika kwenye jalala akala alichokuta, jalala limemlipa kwa kukudharau wewe, na hilo linaingia kichwani haraka kuliko somo lako. Kwahiyo kuanzia leo mpaka amalize ujana, nje ya geti ni kamba. Hata kama jana alikuja vizuri. Mwache aiburuze chini, yeye ajione huru, wewe tembea karibu na mwisho wake ili ukitaka uikanyage.

Anza na sehemu tulivu, kiwanja cha shule Jumapili asubuhi, viwanja ambavyo havijajengwa, ufukweni alfajiri kabla watu hawajaja. Dakika za mwanzo mwache anuse tu, sehemu ngeni harufu zimejaa na ukimuita muda huo huo unapoteza risasi. Subiri uone kainua kichwa mwenyewe au sikio limegeukia kwako, hapo puliza, rudi nyuma mbio, mlipe kwa nguvu. Siku zinavyoenda ndo unapuliza akiwa ananusa kidogo, halafu akiwa ananusa sana. Kwa mbwa kijana kuna siku zitakuwa mbaya tu bila sababu, juzi alikuja kama mshale leo hakusikii, siku hiyo fupisha kamba fanyeni rahisi rahisi mrudi nyumbani, usibishane naye.

Vishawishi viongezwe kwa umbali. Kuku wa jirani akiwa mita hamsini mbwa anamuona ila bado ana akili, muite hapo. Akiwa mita tano akili imeshaondoka, hapo hamna filimbi itakayosaidia, shika kamba ondoka naye. Kila kishawishi kina umbali wake, mbuzi wana wao, bodaboda zina wake, watoto wanaocheza mpira wana wao, na mbwa koko wa mtaani huwa ndo mtihani mgumu kuliko yote. Tafuta ule umbali ambao anaona lakini bado anaweza kukugeukia, fanya kazi hapo mpaka awe anageuka haraka, ndo usogee kidogo. Wanaoshindwa wengi wanatoka kibarazani wanaenda moja kwa moja kwenye kuku.

Na asipokuja je? Umepuliza mara moja, hajaja. Usirudie. Ukipuliza mara sita unamfundisha kwamba ile ya kwanza hadi ya tano ni muziki tu. Piga makofi, chuchumaa, kimbia upande wa pili ukipiga kelele za furaha, wengi hapo wanakuja, na akija mlipe kama kawaida bila kununa. Akikataa kabisa ifuate kamba taratibu mpaka kwake, ishike, sogea naye mbali na kile kilichomnasa, kisha muite tena akiwa mita mbili tu ili apate kushinda. Ujue pia hiyo ni habari kwako, sehemu hiyo ilikuwa ngumu mno kwa leo. Kama katoka geti bila kamba, usimkimbize barabarani, atazidi kukimbia na bodaboda haziangalii mbwa, fungua mlango wa gari kama anapenda gari, au tikisa sufuria lake la chakula, au lala chini kabisa kwenye majani, mbwa wengi wanakuja kuchungulia kulikoni.

Kwa dume kuna jambo la majike. Jike anaingia kwenye joto karibu mara mbili kwa mwaka, wiki tatu hivi kila mara, na dume kijana akiinusa hiyo harufu usijaribu hata filimbi, utaichafua bure. Kipindi hicho ni kamba fupi na geti lililofungwa. Kuhasi kunaweza kupunguza kuzurura ila hakumfundishi kuja, na kwa hawa mbwa wakubwa madaktari wengi wanashauri mifupa ikomae kwanza, ongea na daktari wa mifugo wako. Jike wako naye akiwa kwenye joto asitoke hata na kamba ndefu, utarudi na kundi nyuma.

Majirani nao wana haki zao. Wengi mtaani wanaogopa mbwa kwa sababu wamewahi kung'atwa au kufukuzwa, na Waislamu wengi hawapendi mate ya mbwa yawaguse hasa mtu akiwa anaenda kuswali. Kwahiyo ukimuona mtu anakuja, muite mbwa mapema, mshike, mlipe, subiri apite, msalimie. Baada ya muda mbwa akiona mtu kwa mbali anakugeukia mwenyewe kudai ini lake, na hicho ni kitu kizuri sana kumfundisha. Na asitoke nje kabla hajachanjwa kichaa cha mbwa, chanjo ni kuanzia miezi mitatu na inarudiwa kama daktari atakavyokupangia. Kama kuna mtu kang'atwa na mbwa yeyote, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano halafu hospitali siku hiyo hiyo.

Watu wote wa nyumba wakae kikao cha dakika kumi. Mlinzi akiendelea kumuita kwa fimbo usiku, kazi yako ya mchana inamwagika. Mpe mlinzi kikopo cha dagaa, awe anapuliza mara chache usiku, analipa, anaachia. Utashangaa na yeye atapenda, maana mbwa anayekuja akiitwa gizani ni msaada kwake kuliko anayezurura nyuma ya nyumba.

Swali la lini kamba itoke huwa linaulizwa mapema mno. Usihesabu wiki, angalia mbwa. Akiwa anakuja kwa mlio wa kwanza karibu kila mara, sehemu tofauti tofauti, na vishawishi vyake vikubwa vikiwepo kwa umbali, hapo usiifungue, ikate. Toa mita mbili, tembea naye hivo hivo siku kadhaa, akiwa sawa toa mbili nyingine, mpaka inabaki mita moja inaning'inia kifuani ambayo haikusaidii kitu ila yeye anaisikia. Malipo nayo usiyakate ghafla, siku nyingine mpe kipande kimoja, siku nyingine mmwagie kikopo kizima bila yeye kutegemea. Na ukikata kipande ukaona kaanza kusita kuja, chukua kamba ndefu nyingine umfunge tena, siku chache tu, kisha anza kukata upya, tena mara hii nusu mita nusu mita.